Umeitwa juri Marekani: ile samansi inamaanisha nini na siku yenyewe inakuwaje

Kwanza tulia, hujashtakiwa. Samansi ni barua ya wito wa mahakama tu. Najua bahasha ikiwa na jina la mahakama ya kaunti na neno samansi kwa herufi kubwa lazima moyo uruke, hasa sisi tuliokulia sehemu ambazo barua ya mahakama ikifika nyumbani basi aidha shamba lina mgogoro au kuna mtu kakutaja. Hii ya juri ni kitu kingine kabisa, wewe ndo unaitwa ukaamue kesi ya mtu mwingine.

Juri ni kundi la raia wa kawaida tu, dereva, nesi, mwalimu, mtu wa stoo, wanakaa mahakamani wanasikiliza ushahidi mwanzo mpaka mwisho alafu wao ndo wanasema ana hatia au hana. Jaji anasimamia sheria, anaamua ushahidi gani uingie na upi ubaki nje, anawaeleza juri sheria inasemaje, lakini lile swali la hivi kweli alifanya au hakufanya sio lake, ni lenu. Bongo wengi tunawajua wazee wa baraza, wale waliokuwa wanakaa na jaji Mahakama Kuu kwenye kesi za mauaji, ila wale walikuwa wanatoa maoni na jaji hafungwi nayo, anaweza kuwasikiliza wote alafu akaamua kivyake. Kenya wazee wa namna hiyo walifutwa 2007, na enzi za mkoloni Kenya ilikuwa na juri kamili ila ilikuwa ya kesi za Wazungu peke yao. Sasa huku juri wakishasema mtu hana hatia kwenye kesi ya jinai imeisha, jaji hawezi kupindua na serikali haiwezi kukata rufaa. Ndo maana wanahangaika sana na nani anakaa kwenye vile viti.

Jina lako wamelitoa wapi? Kompyuta imechota, basi. Mahakama inachukua majina kwenye orodha ya wapiga kura na sehemu nyingi pia orodha ya leseni za udereva na vitambulisho vya jimbo, inachanganya, inatoa. Hakuna mtu amekaa akakuchagua.

Na hapo kwenye leseni ndo kuna jambo ambalo naomba ulisome taratibu, maana leseni hata asiye raia anayo, kwa hiyo barua inamfikia mtu mwenye grinikadi (kibali cha kuishi cha kudumu), mwenye kesi ya hifadhi, hata aliyeingia kama mkimbizi juzi tu. Kama wewe sio raia wa Marekani hukai juri, haijalishi umekaa miaka mingapi au unalipa kodi kiasi gani. Lakini usiitupe hiyo barua! Ndani kuna fomu ya maswali, na swali mojawapo la mwanzo ni kama wewe ni raia, unaweka tiki hapana, unasaini, unarudisha, imeisha. Balaa ni kuweka tiki ndiyo, kwa haraka au kwa kuona aibu au kwa sababu fomu umemwachia kijana wa darasa la nane akujazie huku wewe unapika, kwa sababu kudai uraia ambao huna ni kosa linaloweza kukukosesha uraia baadaye na hata kukurudisha ulikotoka. Fomu ya juri msijaze kwa kubahatisha jamani.

Kwa aliye raia masharti ya mahakama za shirikisho (zile za serikali kuu ya Marekani) ni miaka 18 na kuendelea, uwe umeishi kwenye eneo la mahakama hiyo mwaka mzima, usiwe na kesi au hatia ya kosa kubwa (hatia ya zamani ni mpaka haki zako ziwe zimerudishwa), na uwe unajua Kiingereza cha kutosha kuelewa kinachosemwa na kujaza fomu mwenyewe. Mahakama za majimbo zinafanana na hapo na tofauti ndogondogo.

Hili la lugha linawagusa sana wazee wetu. Mtu mwenye miaka 55 na amekuwa na grinikadi miaka 15 anaruhusiwa kufanya mtihani wa uraia kwa lugha yake, kwa hiyo kuna mama zetu mjini Louisville na kwingineko wameapa vizuri kabisa na Kiingereza chao ni cha dukani. Mama kama huyo akipata samansi hakuna haja ya kumficha, kwenye fomu kuna sehemu ya lugha, anasema ukweli, mahakama inamwondoa. Isipokuwa New Mexico! Kule katiba ya jimbo inakataza kumnyima raia nafasi ya juri kwa sababu hajui Kiingereza, wanamletea mkalimani anakaa naye mpaka chumba cha kujadiliana. Mimi naona ndo inavyotakiwa, ila ni wao tu. Na wewe kijana uliyemaliza chuo hapahapa usijifanye Kiingereza kinakupiga chenga ili utoke, jaji atakuuliza maswali mawili tu na utajibu kwa lafudhi ya Ohio.

Ukiona tarehe haikufai, usikae kimya, omba kusogezewa. Mara ya kwanza mahakama nyingi zinakubali bila maneno mengi, unafanya kwa mtandao au kwa namba iliyo kwenye barua. Mtihani, upasuaji, safari ya msiba nyumbani na tiketi umeshakata, mtoto mchanga anayenyonya, hizo zinaeleweka. Mahakama nyingi za shirikisho pia zinamruhusu mtu wa zaidi ya miaka 70 aombe kuachwa. Ambacho hakifanyi kazi ni "niko bize", kila mtu yuko bize. Na kutokutokea bila taarifa kwenye mahakama ya shirikisho kunaweza kukugharimu faini mpaka dola 1,000, au siku 3 jela, au kazi za kijamii, au mchanganyiko wa hivyo vyote. Mara nyingi wanaanza kwa kukuandikia tena, ila mbona ujitafutie.

Matapeli nao wameijua hofu hii. Simu inapigwa, mtu anajiita afisa wa sherifu (polisi wa kaunti), anasema ulikwepa juri na kuna hati ya kukukamata ila ukilipa sasa hivi kwa kadi za zawadi au kwa kutuma hela kwenye app inafutwa. Uongo huo. Mahakama haidai faini ya juri kwa simu na haina bei ya kufuta hati ya kukamatwa. Kata simu, kama una wasiwasi piga mwenyewe kwa karani wa mahakama kwa namba uliyoitafuta wewe.

Hela sasa. Ni kidogo, nisikudanganye. Shirikisho wanalipa dola 50 kwa siku na nauli kidogo ya maili, kesi ikivuka siku 10 inaweza kupanda mpaka 60. Majimbo kila moja na lake, Texas kwa mfano ni dola 20 siku ya kwanza na 58 kwa kila siku inayofuata, na hiyo ni baada ya kupandisha 2023, zamani ilikuwa dola 6 siku ya kwanza! Na ni kipato, inahesabiwa kwenye kodi. Bosi wako haruhusiwi kukufukuza kazi kwa ajili ya juri, sheria ya shirikisho inakataza na majimbo nayo yana zao, lakini kukulipa mshahara wa siku hizo sehemu nyingi halazimishwi. Massachusetts mwajiri analipa siku tatu za kwanza, sehemu nyingi ni huruma ya kampuni. Kwa mtu wa shifti, wa saa, hii inauma kweli na sielewi kwa nini nchi tajiri hivi inategemea haki iendeshwe na watu wanaopoteza mshahara. Mwonyeshe bosi samansi siku hiyohiyo uliyoipata na baadaye omba karani cheti cha kuhudhuria.

Jioni kabla ya siku yako unapiga namba ya barua au unaingia kwenye tovuti, unaangalia kundi lako. Mara nyingi inasema msije. Ikisema njoo, nenda mapema, mlangoni kuna mashine ya ukaguzi kama ya uwanja wa ndege, kisu cha funguo kiache kwenye gari. Unaingia ukumbi mkubwa, viti vingi, tivii imewashwa hakuna anayeangalia, wanaskani barua yako wanakupa beji yenye namba. Alafu unasubiri. Unasubiri sana. Beba chaja, beba kitabu, beba chakula. Kuna siku mnakaa mpaka saa tisa alasiri alafu karani anakuja anawashukuru mwende nyumbani, na watu wanachukia, lakini kinachotokea ni kwamba kesi nyingi hazifiki kusikilizwa, kwenye jinai za shirikisho zaidi ya asilimia 90 ya wanaotiwa hatiani wamekiri wenyewe kwa makubaliano, na wengine wanakubaliana asubuhi hiyohiyo wakisikia juri imeshafika jengoni. Kwa hiyo kukaa kwako pale kwenye kiti kumefanya kazi ingawa hujaitwa.

Ukiitwa juu mnapanda kundi zima kwenye chumba cha mahakama na hapo ndo mchujo. Mnaapa kusema kweli, alafu jaji na mawakili wanauliza. Unafanya kazi gani, mwenzi wako anafanya nini, umewahi kuibiwa, una ndugu polisi, umewahi kushtaki au kushtakiwa, polisi akitoa ushahidi utamwamini zaidi kwa sababu tu ana magwanda? Hakuna jibu la kufaulu. Wanatafuta watu wasio na upande kwenye kesi hii, sio watu wasio na historia. Mtu aliyetoka Kongo mashariki au Burundi na ameona mambo, akaulizwa mbele ya wageni 60 kama amewahi kushuhudia ukatili, halazimiki kumwaga yote pale, unanyoosha mkono unamwambia jaji ungependa kujibu faragha, wanakusogeza pembeni na mawakili wakiwepo, na mahakama nyingine wanawasha mlio wa shhhh kama redio iliyokosa stesheni ili wengine wasisikie. Na kama imani yako haikuruhusu kumhukumu mtu sema hivyohivyo, jaji atakuhoji kidogo kuona kama ni kweli.

Kutolewa kuko kwa aina mbili. Kuna kutolewa kwa sababu, kwamba wewe ni shemeji wa mshtakiwa au umesema waziwazi huwezi kuwa wa haki, huko hakuna kikomo. Alafu kuna nafasi chache kila upande wa kumtoa mtu bila kusema kwa nini, kwenye kesi kubwa za jinai za shirikisho serikali ina 6 na utetezi una 10, ukiacha zile za hukumu ya kifo. Ila bila kusema kwa nini sio ruhusa ya kubagua, tangu kesi ya Batson na Kentucky ya 1986 wakili haruhusiwi kumtoa mtu kwa rangi yake, akishukiwa inabidi ajieleze. Kivitendo bado watu weusi wanalalamika na wana haki ya kulalamika. Ukitolewa usiumie, na ukibaki basi karibu, kaa.

Kesi yenyewe nyingi ni siku chache, sio zile za kwenye tivii. Unasikiliza, sehemu nyingine unaruhusiwa kuandika noti, na sheria kubwa ni mdomo wako na simu yako. Usimsimulie mume wala mke, usiposti, usigugo jina la mshtakiwa, usipite kule kona ilikotokea ajali eti ukajionee. Ukifanya hivyo kesi nzima inaweza kuanza upya, na utajibu kwa nini.

Mwisho mnafungiwa chumbani, mnachagua kiongozi, mnajadili. Jinai inatakiwa serikali iwe imethibitisha bila kuacha shaka ya msingi, kesi za madai, yaani mtu kumshtaki mwenzake bila kuwa jinai, ni upande gani una uzito zaidi hata kama ni kidogo. Makosa makubwa ya jinai wote mnatakiwa kukubaliana, Mahakama ya Juu ililazimisha hivyo kwa majimbo yote 2020 kwenye kesi ya Ramos na Louisiana, kabla ya hapo Louisiana na Oregon 10 kwa 2 ilitosha kumfunga mtu. Kwenye madai majimbo mengine hayataki wote, California 9 kati ya 12 inatosha. Mkiwa na swali mnaandika kikaratasi anapelekewa jaji. Ukiwa peke yako upande mmoja na wenzako 11 wanakutolea macho wanataka kwenda kula, sikiliza hoja zao, ukishawishika badilika, usiposhawishika baki hapohapo, hakuna wa kukuadhibu kwa kura yako. Mkishindwa kabisa jaji anavunja juri na serikali inaamua kama irudie. Kifungo cha miaka mingapi kawaida ni kazi ya jaji, ingawa Texas mshtakiwa anaweza kuomba juri ndo ipange.

Kama barua yako inasema juri kuu, hiyo ni nyingine. Watu 16 mpaka 23 kwa shirikisho, mnakutana kwa siri siku kadhaa kwa mwezi, kwa kawaida inaweza kwenda mpaka miezi 18, na hamsemi mtu ana hatia, mnasema tu kama serikali ina cha kutosha kumfungulia mashtaka, kura 12 zinatosha.

Ukimaliza ukitoka nje mwandishi au wakili anaweza kukuuliza mlifikiriaje, kwa juri ya kawaida ni hiari yako kujibu au kupita (juri kuu hapana, siri inabaki siri). Hundi inakuja kwa posta baada ya wiki kadhaa. Kile cheti kiweke vizuri, maana mahakama ya kaunti na ya shirikisho kila moja ina orodha yake, na barua ya upande wa pili ikikujia karibuni nacho ndo cha kuwaonyesha.