Jamani, mimi ni fundi wa kutengeneza wanyama waliokufa waonekane kama wazima, na ndani hakuna nyama!

Juzi tena mteja kaja na paka wake aliyekufa kwenye boksi, ananiambia "fundi mjaze pamba tu, kama wale paka wa harusi wa Uingereza". Hii ya pamba nimeisikia mpaka nimechoka.

Wale paka wa harusi ni kazi ya Walter Potter, fundi mwenzangu wa zamani wa kijiji cha Bramber, Sussex, Uingereza, miaka ya 1890, kawapanga kama watu wako harusini, kawavalisha magauni na suti. Hakuna hata mmoja aliyeachiwa nyama yake akajazwa pamba, angeoza wiki hiyohiyo! Kinachobaki ni ngozi, basi, na mara nyingi fuvu na mifupa ya miguu. Unachuna taratibu mpaka kwenye kope na midomo, hapo ndo wengi wanachana, unakwangua mafuta yote, unapaka dawa, halafu mwili mpya unausuka mwenyewe kwa waya na maranda au katani, unafunga kwa uzi mpaka umbo la misuli litokee, macho unaweka ya kioo. Hata yule sungura wa Potter aliyekaa kwenye benchi la shule kama mwanafunzi, mkao wote umetoka kwenye waya. Na tafadhali, mnyama akifa mtie kwenye friza siku hiyohiyo, usisubiri mpaka wikiendi iishe, manyoya yakianza kutoka hata mimi siwezi kukusaidia.

Eti Potter ndo mwanzilishi wa kupanga wanyama kama watu. Sio kweli, fundi Hermann Ploucquet wa Stuttgart, Ujerumani, alishaonyesha wanyama wanaokaa kama watu London 1851, kwenye Maonyesho Makuu pale Crystal Palace, Malkia Victoria mwenyewe akawaona. Kazi ya Potter ya ndege wanaomzika mwenzao Robin ilikuja 1861. Na kwa ufundi Ploucquet alimzidi mbali, wanyama wa Potter wamekakamaa, ila uvumilivu wake nauheshimu sana.

Eti Potter aliwaua wanyama ili awapange. Makumbusho yake yalikana hilo, na vipaka vilitoka mashamba ya jirani ambako enzi hizo watoto wa paka waliozidi walikuwa wanauawa tu.

Hii nyingine inanitisha, kwamba wanyama wa zamani waliotengenezwa hivi ni salama kushika kwa kuwa wamekauka. Wengi walipakwa sabuni ya aseniki na ile sumu haiishi kwa miaka, ipo mpaka leo kwenye manyoya na kwenye vumbi lake. Vaa glovu na barakoa, usipulize, usifute na kitambaa kikavu, watoto waangalie wakiwa nje ya kioo.