Je, kitanzi husimama papo hapo sharti linapovunjika?

Wengi wanaoanza kujifunza programu, Dar es Salaam na kwingineko, huamini kwamba kitanzi chenye sharti, yaani kundi la maagizo ambayo kompyuta huyarudia maadamu sharti fulani ni kweli, hukatika papo hapo sharti hilo linapoacha kuwa kweli. Imani hii inaeleweka, kwani konda wa daladala akiambiwa apakie maadamu nafasi ipo, hutazama nafasi muda wote.

Kompyuta haifanyi hivyo. Katika lugha ya programu ya Python, kwa mfano, sharti la kitanzi cha namna hii hukaguliwa mwanzoni mwa kila mzunguko tu. Baada ya hapo maagizo ya ndani hutekelezwa hadi la mwisho, isipokuwa litokee kosa, agizo la kutoka au agizo la kurukia mzunguko unaofuata.

Anayetaka kuhakikisha aanze na abiria 0, aandike kitanzi kinachoendelea maadamu abiria ni pungufu ya 3, na ndani yake aongeze 1 kwanza, kisha achapishe idadi. Wengi hutarajia 1 na 2. Skrini huonyesha 1, 2 na 3, kwa sababu idadi ilipofika 3 sharti lilikuwa bado halijakaguliwa tena. Akichapisha kabla ya kuongeza, ataona 0, 1 na 2. Kufuatilia mistari hiyo kwa kalamu na karatasi, kwa maoni yangu, hufundisha zaidi kuliko kubadilishabadilisha alama kwa kubahatisha.