Homoni za mwanamke kazini: yanayosemwa na yaliyo kweli

"Maumivu ya hedhi ni kawaida, avumilie tu."

Dhana hii ndiyo inayoumiza kuliko zote, maana hata wanawake wenyewe wamelelewa nayo. Ni kweli kwamba maumivu kiasi ni ya kawaida. Mji wa mimba hutoa kemikali ziitwazo prostaglandini, nazo huibana misuli yake ili utando utoke. Ibuprofeni hutuliza kwa kuzipunguza kemikali hizo. Lakini maumivu yanayomlaza mtu kila mwezi na yasiyosikia dawa yanahitaji kuchunguzwa. Huenda ni endometriosisi, yaani tishu zinazofanana na utando wa mji wa mimba kuota nje yake. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa ugonjwa huu unawapata takriban asilimia 10 ya wanawake na wasichana walio katika umri wa kuzaa, watu wapatao milioni 190. Wengi hukaa miaka mingi bila kujua kinachowasumbua, na muda wote huo kazini wanaitwa wavivu. Ni dhuluma.

Damu nyingi nayo isipuuzwe. Anayelazimika kubadilisha pedi kila baada ya saa moja au mbili anaweza kupungukiwa madini ya chuma, kisha damu. Uchovu wake si wa kukosa bidii.

"Akiwa kwenye siku zake, asipewe maamuzi mazito."

Hapana. Tafiti zilizopima kumbukumbu, umakini na uwezo wa kufikiri katika vipindi mbalimbali vya mzunguko hazijaonyesha badiliko la kuaminika. Maumivu makali humchosha mtu yeyote, lakini hilo ni suala la maumivu, wala si la akili. Wanaume nao wana homoni zinazopanda na kushuka: testosteroni yao huwa juu asubuhi na kupungua jioni, na hakuna anayewaahirishia vikao.

"Kukoma hedhi ni mambo ya wazee."

Wanawake wengi hukoma hedhi kati ya miaka 45 na 55, na dalili zinaweza kuanza miaka kadhaa kabla. Huo ndio umri ambao wengi wana uzoefu mkubwa na wanaongoza wenzao. Joto la ghafla, usingizi wa mang'amung'amu, kusahau maneno katikati ya mazungumzo: haya yanaweza kumfanya mfanyakazi hodari adhani amekwisha, aache kazi kimyakimya. Tiba zipo, ikiwemo ya homoni kwa wale inaowafaa. Mwajiri naye anaweza kuweka feni, kutoa sare ya kitambaa chepesi, au kumruhusu achelewe kuanza siku ambayo hakulala. Aliyeondolewa ovari zote mbili, yaani viungo vinavyotoa mayai ya uzazi, kwa upasuaji hukoma hedhi ghafla, hata akiwa na miaka 30.

"Tukiwapa likizo ya hedhi, tumemaliza."

Japani iliiweka likizo hiyo katika sheria mwaka 1947, lakini wanaoiomba ni wachache mno. Kwingi huko haina malipo, na kuiomba ni kumtangazia msimamizi habari za mwili wako. Zambia inatoa siku moja kwa mwezi, bila cheti cha daktari wala kutaja sababu. Naona kipengele hicho cha pili kina uzito kuliko siku yenyewe.

"Msimamizi hawezi kusaidia asipojua ugonjwa."

Anaweza. Swali "nini kitakurahisishia kazi?" linatosha, jina la ugonjwa ni siri ya mfanyakazi na daktari wake.

Tena, mipango mingi huwafikiria walio ofisini, wanaoweza kuinuka mezani wakati wowote. Mfanyakazi wa kiwandani, mlinzi wa zamu ya usiku au keshia asiye na wa kumshikia nafasi wanasahaulika. Kwao msaada uanzie kwenye choo kilicho karibu, chenye kitasa, maji na pipa lenye mfuniko, na ruhusa ya kwenda bila kuulizwa mara ya ngapi leo.