Taa ya Chuma ya Epictetus

Siku moja Epictetus, mwalimu wa falsafa ya Ustoa, alisikia mchakacho dirishani. Aliposhuka, akakuta taa yake ya chuma, aliyoiweka mbele ya miungu ya nyumbani, imeshachukuliwa. Akajiambia kesho atatafuta ya udongo. Baadaye aliwaambia wanafunzi wake kwamba mwizi alimzidi kwa kukaa macho tu, ila taa ile ameinunua ghali: ili aipate, imembidi awe mwizi.

Ninapofundisha Ustoa huanza na taa hiyo, maana wengi huja wakidhani Mstoa ni mtu mwenye moyo wa jiwe, asiyelia wala kushtuka. Wastoa wenyewe walikubali kwamba dhoruba ikipiga, hata mwenye hekima atabadilika rangi. Hilo haliko mikononi mwake. Kilicho mikononi mwake ni kinachofuata: kuliridhia au kulikataa wazo kwamba amefikwa na ovu.

Jina lenyewe limetokana na stoa, yaani baraza la wazi lenye nguzo. Kwenye baraza moja lenye michoro mjini Athens, Zeno wa Citium alianza kufundisha karibu mwaka 300 KK, hadharani, mpita njia akitaka asikilize. Mwaka 155 KK Athens ilituma Roma wajumbe watatu, wote wanafalsafa, na mmoja wao, Diogenes wa Babiloni, alikuwa Mstoa. Vijana waliacha starehe zao wakaenda kuwasikiliza. Cato Mkubwa, mwanasiasa wa Roma, akaihimiza Seneti, mkutano wa wakuu wa dola, iwape jibu upesi warudi kwao. Ajabu ni kwamba kitukuu wake, Cato Mdogo, ndiye aliyekuja kuwa shujaa wa Wastoa wa Roma: mwaka 46 KK alijiua huko Utica, Tunisia ya leo, kuliko kupokea msamaha wa Julius Caesar, adui yake wa kisiasa.

Seneca, Mstoa mwingine wa Roma, ndiye anayenipa taabu. Aliandika vizuri mno juu ya kuridhika na kidogo, huku akiwa tajiri mkubwa na mshauri wa Nero, mtawala wa Roma, ambaye mwishowe alimwamuru ajiue mwaka 65 BK. Aliwakumbusha mabwana kwamba watumwa ni watu, wa kula nao meza moja. Utumwa wenyewe hakudai ukomeshwe. Lakini nani mwingine anakusikilizisha Roma kama yeye? Anakaa juu ya hamamu, akijaribu kusoma, na kelele zote zinampandia: wanyanyua vyuma wanaohema, mwogaji anayejiimbia, muuza soseji, na mng'oa nywele za kwapa asiyenyamaza ila pale mteja anapopiga yowe.

Epictetus aliwahi kuwa mtumwa. Hata hivyo Kaisari Marcus Aurelius, aliyetawala 161–180 BK, anamshukuru mwalimu wake Rusticus kwa kumpa nakala ya mafundisho ya Epictetus. Kaisari huyo alijiandikia mwenyewe, kwa Kigiriki, mengine akiwa vitani karibu na mto Danube. Mahali pamoja ni ugomvi wa alfajiri: anajihimiza aamke akafanye kazi ya mwanadamu, kisha anajijibu kwamba chini ya blanketi kuna raha zaidi.