Modali za Kiingereza: leo, jana, na pale have inapoingia

Modali ni vitenzi visaidizi vya Kiingereza vinavyobeba uwezo, ruhusa, wajibu, ushauri au makisio. Ziko tisa: can, could, may, might, shall, should, will, would na must. Kando yake kuna maneno yanayofanya kazi hiyohiyo bila kufuata masharti yote ya kundi: have to, be able to, ought to, used to, na need inapokuja kama needn't.

Masharti yenyewe ni mepesi. Modali haipokei s ya nafsi ya tatu, kwa hiyo husemwa "she can swim", si "she cans swim". Kitenzi kinachofuata hubaki kitupu: "must go", si "must to go" wala "must went". Swali hufanywa kwa kuitanguliza modali, "Can you swim?", bila do. Tena modali mbili hazikai pamoja. "Nitaweza kuja" haiwi "I will can come", huwa "I will be able to come". Hili la mwisho huwaponyoka wengi, maana kwetu -ta- na -weza zinaingia neno moja bila shida.

Kazi kubwa iko kwenye wakati. Kwa Kiswahili wakati umekaa ndani ya kitenzi na unasikika: anaweza, aliweza, ataweza. Modali haina chumba cha hivyo. Vitabu vinasema could ni wakati uliopita wa can, na ni kweli, lakini "It could rain this evening" inazungumzia jioni ambayo haijafika. Should kwa asili ni wakati uliopita wa shall, ila leo "You should see a doctor" ni ushauri wa sasa hivi. Must ndiyo kabisa: yenyewe ilikuwa umbo la wakati uliopita katika Kiingereza cha kale, kitenzi chake cha wakati uliopo kikafa, ikabaki hiyo moja ikifanya kazi ya leo. Ndiyo maana haina "jana" yake.

Kwa hiyo kukariri jedwali la can kuwa could na may kuwa might hakumfikishi mtu mbali. Swali lenye faida ni hili: maana hii niliyonayo, nikiisogeza jana, Kiingereza kinaisemaje? Jibu hubadilika kwa kila maana, hata modali ikiwa ileile.

Anza na uwezo. Uwezo wa jumla wa zamani ni could: "She could read when she was four." Lakini jambo moja lililofanikiwa siku moja halisemwi kwa could. Chukua sentensi ya kawaida mjini: umeme ulikatika, lakini niliweza kumaliza ripoti. Mwandishi wa Dar atakimbilia "The power went off, but I could finish the report." Mzungumzaji wa Kiingereza akisoma hapo anabaki hajui kama ripoti iliisha. Inatakiwa "I was able to finish the report" au "I managed to finish the report". Kiswahili hakitofautishi, "niliweza" inabeba uwezo na mafanikio kwa pamoja, na kosa linazaliwa hapo. Kwenye kukanusha tofauti hiyo inapotea: "I couldn't finish the report" ni sahihi hata kwa tukio moja. Vilevile vitenzi vya hisi na akili, kama see, hear, smell, remember na understand, hukubali could kwa tukio moja: "I could hear the generator next door."

Wajibu ni rahisi zaidi. Must na have to za leo, jana zote huwa had to. "Ilinibidi nishuke Ubungo" ni "I had to get off at Ubungo", na msikilizaji anaelewa kwamba ulishuka kweli. Uangalifu unahitajika kwenye kukanusha. "You mustn't pay" ni katazo: usilipe. "You don't have to pay" ni kwamba si lazima, ukitaka lipa. Mtu akiandika tangazo la semina ya bure akaweka "Participants must not register", amewakataza watu kujiandikisha. Jana yake, katazo huwa "weren't allowed to" na kutolazimika huwa "didn't have to". Kuna pia needn't have, inayosema jambo lilifanyika bure: "You needn't have bought water" maana yake maji yalishanunuliwa, na hayakuhitajika. "You didn't need to buy water" haisemi kama yalinunuliwa au la.

Sasa makisio, na hapa ndipo have inapoingia. Tuseme mwenzako mlipanga mkutane Posta saa mbili asubuhi. Saa tatu imefika, hayupo, simu haipokelewi. Makisio ya sasa hivi yanatumia modali na kitenzi kitupu: "He must be in traffic," lazima yuko foleni. "He may be on the bus," huenda yuko kwenye gari. "He can't be at home," haiwezekani awe nyumbani. Makisio hayo yakihusu jambo lililokwisha kutokea, modali haibadiliki hata herufi moja. Kinachobeba jana ni have pamoja na kitenzi cha safu ya tatu, ile ya go, went, gone. "He must have missed the bus," atakuwa amekosa gari. "He might have got off at Magomeni," huenda alishukia Magomeni. "He can't have forgotten, he called me last night," hawezi kuwa amesahau, jana usiku alinipigia.

Makosa ya eneo hili yanajulikana. La kwanza ni kuibadilisha have kwa kufuata nafsi: "she must has gone". Baada ya modali have haibadiliki, awe she, awe they. La pili ni kuchukua safu ya pili badala ya ya tatu: "must have went". La tatu ni gumu zaidi kuliona, na linatokana na neno letu lazima, ambalo linafanya kazi mbili. "Lazima alikosa gari" ni makisio. Mwanafunzi aliyefundishwa kwamba must ya jana ni had to anaandika "He had to miss the bus", na hapo amesema jamaa alilazimishwa kukosa gari. Kanuni ni kutenganisha kabla ya kuandika: lazima ya wajibu, jana had to, lazima ya kukisia, jana must have. Tena kinyume cha must have ya makisio, katika Kiingereza kinachofundishwa kwetu, ni can't have au couldn't have. Mustn't ibaki kwenye makatazo.

Nguvu ya makisio nayo ina daraja. Must inahitaji ushahidi mkononi, ukiona koti lake kitini, sema "He must have been here." Could, may na might ni za kubahatisha, na kwenye mazungumzo ya kila siku tofauti kati yake ni ndogo kuliko vitabu vya mazoezi vinavyotaka tuamini. Asiyetaka kuumiza kichwa achukue might, haitamwangusha. Ajihadhari tu na maybe, ambayo ni neno moja lenye maana ya labda, na may be, ambayo ni modali na kitenzi.

Should have ni ya lawama na majuto: jambo lilistahili kufanyika, halikufanyika. "Ulitakiwa kupiga simu" ni "You should have called", na simu haikupigwa. Kanusha, na maana inageuka: "You shouldn't have called", ulipiga, ingefaa usingepiga. Could have inasema nafasi ilikuwepo haikutumika, na kwa sauti ya hasira nayo huwa lawama: "You could have called!", ungepiga hata simu basi.

Would have ndiyo inayotaka subira kuliko zote. Shuleni tulifundishwa -nge- kwa hali ya sasa na -ngali- kwa iliyopita. Mitaani Dar karibu kila kitu ni -nge-. "Ningejua, nisingekuja" anaisema mtu ambaye ameshakuja, amekaa, na anajuta. Kwa kanuni ya darasani ingekuwa "ningalijua, nisingalikuja". Tunaelewana kwa muktadha. Ukiihamisha kama ilivyo unapata "If I knew, I wouldn't come", na Kiingereza kinaisikia kama jambo la leo au kesho: mtu hajui, na bado hajaja. Ya jana inahitaji had upande wa if na would have upande wa pili: "If I had known, I wouldn't have come." Kipimo cha haraka ni kujaribu kuiweka -ngali- kichwani. Sentensi ikiikubali bila maana kubadilika, tumia had na would have. Na usiweke would upande wa if. "If I would have known" utaisikia kwa baadhi ya Wamarekani wakizungumza, lakini kwenye mtihani au barua ya kazi itahesabiwa kosa.

Kauli taarifa, yaani kusimulia alichosema mtu mwingine, ina mtego wake. Kiswahili hakisogezi wakati: konda alisema gari litaenda Mbagala. Kiingereza husogeza: "The conductor said the bus would go to Mbagala." Will huwa would, can huwa could, may huwa might. Must ya wajibu inaweza kuwa had to, ya makisio hubaki must. Could, should, might, would na ought to hazina pa kusogea, zinabaki kama zilivyo. Ukiona "He said he will come" kwenye gazeti usishangae, inaruhusiwa kama jambo bado liko mbele. Ila kwenye swali la kubadili sentensi kwa maelekezo mtahini anatafuta would.

Mazoea ya zamani yana used to na would. "Upcountry buses used to leave from Ubungo" inafaa, maana stendi ya mikoani ilihamia Mbezi Luis mwaka 2021. Would nayo inakubali tendo lililorudiwarudiwa, "Every December we would take the night bus", lakini haikubali hali: "I would live in Temeke" haimaanishi uliwahi kuishi Temeke. Hapo ni "I used to live in Temeke."

Upande wa matamshi, have baada ya modali hupungua karibu iishe; should have husikika kama "shudav", ndiyo maana hata wenye lugha yao huandika "should of", kosa ambalo halifai kuigwa. Usipoizoea sauti hiyo, utasikiliza Kiingereza cha jana ukidhani ni cha leo.

Kuhusu mazoezi: yale ya kujaza nafasi yana faida ndogo kuliko umaarufu wake. "He ____ be at home" inapokea modali karibu zote, kwa hiyo anayejaza anabahatisha jibu la mwenye kitabu. Afadhali kutoka kwenye hali yenye maelezo kamili. Chukua tukio moja la siku yako, andika sentensi 5 za Kiswahili kama unavyozisema, kisha mbele ya kila moja weka alama mbili: ni maana gani, uwezo, wajibu, makisio, majuto au ahadi, na je, jambo lilitokea au halikutokea? Baada ya hapo ndipo uandike Kiingereza. Dakika 15 zinatosha. Hatua ya alama ndiyo watu huiruka, na wakiiruka wanarudi kutafsiri neno kwa neno.

Jaribu hizi sita ukifunika aya inayofuata. Ulitakiwa kushuka Manzese. Foleni ilikuwa kubwa lakini tuliweza kuwahi boti. Alisema atatuma hela Ijumaa. Hawezi kuwa amefika Kibaha, ametoka sasa hivi. Hatukulazimika kulipa. Ungeniambia jana, ningekusubiri.

Ya kwanza ni majuto, halikutokea: "You should have got off at Manzese." Ya pili ni uwezo na lilifanikiwa mara moja: "The traffic was heavy, but we managed to catch the boat." Ya tatu ni ahadi iliyosimuliwa: "He said he would send the money on Friday." Ya nne ni makisio ya kukataa: "He can't have reached Kibaha, he has just left." Ya tano ni kutolazimika: "We didn't have to pay", aliyeandika "We mustn't pay" arudi kwenye aya ya wajibu. Ya sita, kwa sababu ya neno jana, ni "If you had told me yesterday, I would have waited for you." Ondoa jana, fanya jambo liwe bado liko mbele, na "If you told me, I would wait for you" inakuwa sahihi.