Mkoba Mgongoni: Kujitolea Kuwa Mtetezi wa Mtoto Mahakamani Nchini Marekani

Siku ya kwanza ya mafunzo yetu huwa nawasomea wanaojitolea mifano ya ripoti mbili. Ya kwanza inasema: "Mtoto anaonekana ana huzuni na hajazoea makazi mapya." Ya pili inasema: "Nilifika Alhamisi saa kumi jioni. Nilimkuta amekaa sebuleni, mkoba wa shule ungali mgongoni. Mlezi alisema huwa hauvui mpaka wakati wa kulala. Nilipomuuliza mtoto mwenyewe, alisema siku aliyohamishwa hakupata nafasi ya kuchukua vitu vyake." Kisha nawauliza: ungekuwa wewe ndiye jaji, ipi ingekusaidia?

Mtetezi wa mtoto mahakamani, ambaye Marekani wengi wanamjua kwa kifupi cha CASA, kazi yake ni kuandika ripoti ya namna ya pili. Si wakili wala afisa ustawi wa jamii, na halipwi. Ni mtu wa kawaida aliyepewa mafunzo na kuteuliwa na jaji, amfahamu mtoto mmoja au ndugu wa tumbo moja, kisha aieleze mahakama alichokiona na anachoamini kitamfaa mtoto.

Utaratibu huu ulianzia Seattle. Sheria ya shirikisho ya mwaka 1974 ilikwishayataka majimbo yahakikishe kwamba mtoto aliyenyanyaswa au kutelekezwa ana mtu wa kumsimamia shauri lake linapofika mahakamani. Jaji David Soukup wa kaunti ya King alikuwa akiamua mambo mazito kuhusu watoto wadogo, huku faili lililo mbele yake likiwa halimtoshi: huyu arudishwe kwao, huyu asirudishwe. Wazazi walikuwa na wa kuwasemea, idara ya ustawi wa watoto ilikuwa na wa kuisemea, lakini mtoto hakuwa na mtu ambaye kazi yake ilikuwa ni yeye tu. Jaji akawaita watu wa mji wakutane wakati wa chakula cha mchana, akitarajia wachache. Walikuja hamsini. Mwaka 1977 programu ya kwanza ikaanza, na leo zipo zaidi ya 900 nchini. Majimbo mengine, kama Florida na North Carolina, yanaiita kazi hii kwa jina jingine, kwa hiyo usishangae ukiuliza CASA wakakuelekeza kwingine.

Masharti hayatishi. Kwa kawaida unatakiwa uwe umetimiza miaka 21, ukubali rekodi zako zichunguzwe, utoe majina ya watu wa kukudhamini kwa tabia, usailiwe, kisha uhudhurie mafunzo ya saa 30 kabla ya kupewa shauri. Baada ya hapo kuna saa 12 za mafunzo kila mwaka. Hauhitajiki kuwa na shahada. Kinachohitajika zaidi ni muda, na hapo ndipo naomba kila mtu ajipime kwa dhati. Mtoto utamtembelea walau mara moja kwa mwezi. Utaongea na mwalimu wake, daktari, mlezi wa kambo (yaani anayemtunza mtoto aliyeondolewa kwao) na wazazi. Utasoma faili, utaandika ripoti, utafika mahakamani. Shauri moja linaweza kuchukua mwaka mzima au zaidi. Mtoto huyu ameshaachwa na watu wengi njiani. Ukijua huwezi kufika mwisho, ni heri usianze.

Wengi huja wakiwa na hasira na wazazi. Nawaelewa. Lakini kwa karibu robo tatu ya watoto wanaothibitishwa kuwa wamedhulumiwa nchini Marekani, kosa lililoandikwa ni kutelekezwa: chakula hakipo, mtoto kaachwa peke yake, hajapelekwa hospitali. Mara nyingi nyuma ya hayo kuna dawa za kulevya, maradhi ya akili, kukosa nyumba, au mama anayefanya kazi zamu ya usiku na hana wa kumwachia watoto. Lengo la kwanza la mahakama katika mashauri mengi ni kuirudisha familia pamoja, ikiwa nyumba itakuwa salama. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na mtetezi anapaswa kwenda kwa mzazi huyo akiwa na masikio, si akiwa na hukumu.

Sasa niseme na wasomaji wa Kiswahili mnaoishi huko. Familia nyingi za Kikongo zimefika Marekani kama wakimbizi, baadhi zikiwa zimepitia kambi kama Nyarugusu kule Kigoma, na zimekaa Louisville, Phoenix, Houston na miji mingine mingi. Baadhi ya watoto wao hufikishwa kwenye mahakama hizi. Na faili la mtoto huyo linaandikwa na watu ambao hawajui mama mdogo ni nani.

Jambo hili linaweza kubadilisha maisha ya mtoto. Sheria ya mwaka 2008 inaitaka idara iwatafute na kuwaarifu ndugu wa mtoto walio watu wazima ndani ya siku 30 tangu aondolewe nyumbani, ili wajue wanaweza kumlea. Mtoto akisema "naenda kwa mama mdogo", na mkalimani asiyejua ukoo wetu akaandika kwamba ni mama wa kambo, au ni rafiki wa familia, basi mdogo wake mama, aliye tayari kumpokea, anakosa hata kuarifiwa. Na saa inakwenda. Kwa sheria ya mwaka 1997, ndani ya miezi 12 mahakama lazima isikilize mpango wa kudumu wa mtoto. Akikaa malezi ya kambo miezi 15 katika miezi 22, kwa kawaida idara hutakiwa kuomba haki za wazazi zikomeshwe. Sheria hiyohiyo inaruhusu jimbo lisifanye hivyo ikiwa mtoto analelewa na ndugu. Kwa hiyo swali dogo, "Mama mdogo ndiye nani, mdogo wake mama yako aliyekuzaa?", likiulizwa mapema, linaweza kumbakisha mtoto kwenye ukoo wake. Ndiyo maana nawasihi mjitokeze.

Nawasihi pia mjihadhari. Ukishakuwa mtetezi, wewe si mkalimani wa shauri hilo, hata kama unaelewa kila neno linalosemwa. Mahakama zinazopokea fedha za serikali kuu zina wajibu wa kuwapatia wahusika ukalimani. Ukianza kutafsiri, umeacha kumtazama mtoto.

La pili ni siri. Jamii zetu ni ndogo, tunakutana kanisani, msikitini, kwenye harusi na misiba. Ukiona jina unalolijua kwenye karatasi ya shauri, mwambie msimamizi wako kabla hujafungua ukurasa wa pili, na umpishe mwingine. Hata kwa familia usiyoijua, kuna siku mama wa mtoto atakushika mkono kwenye ukumbi wa mahakama akuambie, "Dada, wewe ni mtu wetu, mwambie jaji anirudishie mwanangu." Inaumiza kusikia hivyo. Tunawafundisha watetezi kujibu kwa upole, kwa maneno machache: "Mama, jaji nitamweleza ninayoyaona kwa mtoto, mazuri na mabaya. Hayo mengine mwambie wakili wako, yupo kwa ajili yako." Usiahidi chochote. Usimpe fedha, usimchukue mtoto kwako hata kwa mlo mmoja, maana siku ya kutoa ushahidi uzito wote wa maneno yako utakuwa umepotea.

Na pale mtoto anapotaka jambo moja na wewe unaona jingine? Andika yote mawili. "Amesema anataka kurudi kwa mama yake" ni sentensi ambayo haipaswi kukosekana kwenye ripoti, hata kama pendekezo lako ni asirudi kwanza. Jaji ana haki ya kusikia sauti yake kama ilivyo.

Ukitaka kuanza, tafuta programu ya kaunti unayoishi kupitia mahakama inayoshughulikia watoto au mtandao wa kitaifa wa CASA. Kwenye usaili utaulizwa kwa nini unataka kazi hii; usiandae hotuba. Ukikubaliwa na kuapishwa, nunua daftari moja la shauri hilo tu, ulifungie ndani, na siku ya ziara ya kwanza andika tarehe, saa, nani alifungua mlango, na mtoto alikuwa wapi ulipoingia.