Křtiny, mji wa soko unaosomwa kuanzia chini

Kazi yangu ni jiografia ya miamba ya chokaa, na imenizoesha jambo moja: nikifika mahali, huangalia kwanza maji yanakwenda wapi, majengo baadaye. Křtiny ulinipa shida kidogo. Ni mji wa watu wapatao 800 tu, bondeni, kaskazini-mashariki mwa Brno katika Jamhuri ya Czech. Ukishuka kwenye basi unakutana na kanisa lenye mnara wa mita 73, na macho hayabanduki hapo.

Tuanze na cheo cha mahali penyewe. Wacheki wana neno městys, yaani makazi yaliyo kati ya kijiji na mji. Zamani mtawala ndiye aliyetoa cheo hicho, na uzito wake ulikuwa kwenye haki ya kufanya soko: wakulima wa vijiji vya jirani walileta mazao siku maalumu, na mafundi wakafungua karakana karibu na wateja. Serikali ya kikomunisti iliacha kukitumia cheo hicho katika miaka ya 1950. Sheria ya mwaka 2006 ilikirudisha, na makazi yaliyokuwa nacho zamani yakaruhusiwa kukiomba tena. Křtiny ni mojawapo ya yaliyokirudisha. Wapo wanaosema ni jina tu, mimi siafiki. Mahali padogo panapolinda jina lake hulinda pia sababu ya watu kukutana pale.

Hapa watu walikutana kwa ajili ya sala hata zaidi ya soko. Křtiny maana yake ni ubatizo. Mapokeo yanasema Cyril na Methodius, wamisionari wa Waslavi wa karne ya 9, walibatiza watu katika bonde hili, na kwamba mwaka 1210 Bikira Maria alitokea hapa katikati ya maua. Maandishi yanaanza baadaye kidogo: mwaka 1237 mahali hapa panatajwa miongoni mwa mali za watawa Wapremonstratensi wa Zábrdovice, ambayo leo ni sehemu ya jiji la Brno. Watawa hao waliwapokea mahujaji kwa karne nyingi, mpaka Kaisari Joseph II, mtawala wa Austria, alipoifunga nyumba yao mwaka 1784.

Kanisa linaloonekana leo lilichorwa na Jan Blažej Santini-Aichel, msanifu wa Praha mwenye asili ya Kiitalia. Alifariki mwaka 1723, kabla kanisa halijakamilika. Wengine wakalimaliza kwa kufuata michoro yake. Ukiingia, simama katikati kabisa. Ramani yake ni msalaba wa Kigiriki, wenye mikono minne inayolingana, kwa hiyo nafasi inakuzunguka pande zote badala ya kukuvuta mbele kama ukumbi mrefu. Juu ya kichwa chako kuna kuba lenye picha za mchoraji Jan Jiří Etgens, na mwanga unashuka kutoka madirisha ya juu. Kwenye altare kuu amesimama Bikira Maria wa jiwe, kazi ya mnamo mwaka 1300, mzee kuliko kila kitu kinachomzunguka. Nje zipo kengele 33 zinazopigwa kwa pamoja kama ala moja ya muziki.

Sasa tushuke chini. Mwaka 1991 chumba cha mifupa kilichokuwa kimezibwa kiligunduliwa chini ya kanisa, na ndani yake mlikuwa na mabaki ya watu karibu elfu moja. Mafuvu kumi na mawili yamepambwa: kila moja limezungushiwa taji la majani lililochorwa kwa rangi nyeusi, na kwenye paji la uso kuna herufi T. Inama ulitazame moja kwa karibu. Majani yamepangwa jani kwa jani, kwa mkono uliotulia. Aliyeshika brashi ile hakuwa na haraka, na alimheshimu marehemu. Wengi hupita pale kwa dakika tano. Mimi naomba ukae zaidi.

Tukizidi kushuka tunakuta mwamba wenyewe. Chokaa ya hapa ililala chini ya bahari zaidi ya miaka milioni 350 iliyopita. Maji ya mvua hubeba hewa ya kaboni kutoka angani na kwenye udongo, yakawa asidi hafifu, kisha hupenya nyufa na kuila chokaa taratibu hadi ufa unakuwa pango. Pango la Výpustek, mwendo mfupi kutoka mjini, limepitia mengi. Humo yalichimbuliwa mabaki ya dubu wa mapangoni, mnyama aliyekwisha kutoweka duniani. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia watu walichimba udongo wake wenye fosfeti kwa ajili ya mbolea. Katika Vita vya Pili Wajerumani waliweka kiwanda humo, halafu jeshi la Czechoslovakia likajenga kituo cha siri cha uongozi ndani ya mwamba. Wageni wa kawaida walianza kuingia mwaka 2008, na ziara inapita kote, kuanzia mifupa ya dubu hadi vyumba vya wanajeshi. Vaa sweta hata kama ni Julai. Pangoni ni kama nyuzi 8.

Msitu unaozunguka mji ni darasa la wanafunzi wa misitu wa Chuo Kikuu cha Mendel cha Brno. Shamba hilo la misitu lilianza mwaka 1923, na linaitwa Msitu wa Masaryk kwa heshima ya rais wa kwanza wa Czechoslovakia. Humo utakuta chemchemi zilizojengewa mawe na kuwekewa majina ya watunza misitu wa zamani. Kumkumbuka mtu kwa maji ya kunywa, badala ya sanamu, ni desturi ninayoipenda sana.

Ukiwa na miguu ya kutembea, fuata kijito cha Křtinský kuelekea mji wa Adamov hadi kwenye jabali la Býčí skála, lenye pango ndani yake. Huko daktari Jindřich Wankel alichimba mwaka 1872 akakuta mifupa ya watu wapatao 40 wa Zama za Chuma. Sanamu ndogo ya fahali wa shaba nyeusi iliyopatikana humo sasa iko Vienna. Pango hufunguliwa siku chache tu kwa mwaka, lakini mimi hupaendea kwa sababu nyingine. Karibu na hapo hutoka kijito cha Jedovnický, ambacho kilizama ardhini kule kijijini Rudice na kupita gizani, katika mapango yenye urefu wa zaidi ya kilomita 13 kwa jumla. Kitie mkono. Maji ni ya baridi, na hayachukui muda kukutana na kijito ulichokuja nacho kutoka Křtiny.